Kalamu za kidijitali darasani: Mambo ya kujua kabla hujatoa hela Kariakoo

- Jina ni moja lakini vifaa ni vingi: kalamu inayoandika vizuri kwenye iPad inaweza isitoe hata nukta kwenye simu yako.
- Tafiti zinaonyesha faida inatokana na namna unavyoandika notsi, siyo bei ya kalamu.
- Kwenye chumba cha mtihani bado ni karatasi na kalamu ya wino.

Dar es Salaam. Kutoka vyuo vya katikati ya jiji hadi Kariakoo ni safari fupi. Mwanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) pale mtaa wa Shaaban Robert, au wa Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) upande wa barabara ya Bibi Titi Mohamed, anaweza kumaliza pindi la asubuhi, akaenda Kariakoo na kuwahi pindi la mchana akiwa na “kalamu ya kidijitali” kwenye begi.

Kama kalamu hiyo itaandika kwenye kifaa chake, hilo ni jambo jingine.

Siyo suala dogo kwa mtu anayeishi kwa boom. Mwongozo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) umekuwa ukitenga hadi Sh200,000 kwa mwaka kwa ajili ya vitabu na viandikwa, na tangu mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya chakula na malazi imekuwa Sh10,000 kwa siku.

Sasa linganisha. Kalamu ya bei ya chini kabisa ya Apple, ile ya USB-C, ilitangazwa Oktoba 2023 kwa dola 79 za Marekani. Hiyo ni kama laki mbili za Kitanzania kabla hujaweka kodi, usafiri na faida ya muuzaji. Kalamu moja inaweza kumeza fungu lote la viandikwa la mwaka mzima, au chakula na malazi ya siku 20.

Kwa hiyo kabla hujaingia kwenye fremu yoyote Kariakoo, ni vizuri ujue unanunua nini, kitakusaidia wapi na kitakuangusha wapi.

Kwa nini Bic haiandiki kwenye simu?

Tuanze na skrini yenyewe. Skrini ya simu janja haihisi kwamba umeibonyeza kwa nguvu, inahisi umeme. Ndani ya kioo kuna gridi ya nyuzi nyembamba mno zisizoonekana kwa macho, na gridi hiyo ina chaji kidogo ya umeme. Mwili wa binadamu unapitisha umeme, hivyo kidole kikigusa kioo, chaji ya sehemu ile inabadilika na simu inajua umegusa wapi.

Ndiyo maana ukigusa simu kwa kijiti, kwa ukucha au kwa kalamu ya Bic hakuna kinachotokea. Kalamu ya kidijitali ni njia ya kuidanganya skrini ione kidole, au njia ya kuongea nayo moja kwa moja. Tofauti ya hizo njia mbili ndiyo tofauti ya bei, na ndipo watu wengi wanapopigwa.

Aina nne unazoweza kukutana nazo

*Kalamu ya ncha ya mpira.* Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Haina betri wala waya. Inapitisha umeme kutoka mkononi mwako hadi kwenye kioo kama kidole kinavyofanya. Inafanya kazi kwenye karibu kila simu janja, lakini ncha yake lazima iwe nene ili skrini iione. Unapoandika huoni herufi inaishia wapi. Nyingine zina kisahani cha plastiki angavu kwenye ncha, hizo kidogo zina nafuu kwa sababu unaona chini yake. Zinafaa kubofya, kusaini na kuchora mshale. Kuandika mhadhara wa saa mbili kwa kalamu hii ni adhabu.

*Kalamu ya chaji ya “simu zote”.* Hii ina betri ndogo, swichi na ncha nyembamba. Inatoa umeme kidogo kwenye ncha ili skrini idhani ni kidole. Muuzaji atakwambia inakubali simu yoyote, na mara nyingi ni kweli. Asichokwambia ni kwamba simu haiwezi kuitofautisha na kiganja chako. Darasani mtu hulaza kiganja kwenye karatasi anapoandika. Kwenye skrini, kiganja ni kidole kikubwa: kinachora mistari, kinasogeza ukurasa, kinafuta. Inabidi uandike mkono ukiwa unaelea hewani, na baada ya dakika kumi bega linaanza kulalamika.

*Kalamu inayoongea na kifaa chake.* Hapa ndipo zilipo S Pen ya Samsung, Apple Pencil na kalamu za kompyuta za Surface za Microsoft. Skrini inajua hii ni kalamu, siyo kidole, hivyo kiganja kinapuuzwa. Nyingi pia zinapima nguvu ya mkono, ukikandamiza mstari unakuwa mnene. S Pen, iliyoanza na Galaxy Note mwaka 2011, ina akili ya pekee: uandishi wake hauhitaji betri. Chini ya kioo kuna kifaa kinachotoa uga wa sumaku, na koili ndogo ndani ya kalamu inapata nguvu kutoka humo. Ukiisahau mwezi mzima kwenye droo, ukiichukua inaandika.

*Kalamu ya karatasi.* Hii ndiyo wengi hawaijui. Ina wino wa kawaida na unaandika kwenye daftari, lakini karibu na ncha kuna kamera ndogo. Daftari lenyewe limechapwa vidoti vidogo sana ambavyo kwa mbali vinaonekana kama kivuli cha kijivu. Kila sehemu ya ukurasa ina mpangilio wake wa vidoti, kamera inavisoma na kalamu inajua ipo wapi. Teknolojia hiyo ni ya kampuni ya Anoto ya Sweden. Mwaka 2008 kampuni ya Livescribe ya Marekani ilileta kalamu iitwayo Pulse iliyoongeza kitu kimoja muhimu: inarekodi sauti huku ukiandika. Nyumbani ukigusa neno kwenye daftari, kalamu inakurudishia kile mhadhiri alichokuwa anasema wakati unaandika neno hilo. Tatizo ni kwamba bila daftari lake la vidoti, inabaki kalamu ya kawaida nene.

Jina la kifaa chako kwanza, kalamu baadaye

Kosa la kawaida ni kununua kalamu kisha kutafuta kama inaingiliana na kifaa. Geuza utaratibu. Fungua mipangilio ya simu au kishikwambi, soma jina kamili la toleo lako, halafu ndiyo uangalie kalamu.

Haya ni baadhi ya mambo yanayowachanganya watu:

- Apple Pencil haifanyi kazi kwenye iPhone. Ni ya iPad tu.
- Siyo kila Apple Pencil inakubali kila iPad. iPad ya kizazi cha 9 inatumia Apple Pencil ya kwanza, ile ya mwaka 2015. Ile ya USB-C haitaandika humo.
- iPad ya kizazi cha 10 haikubali Apple Pencil ya kizazi cha pili, hata kama muuzaji anasema “hii ndiyo OG”.
- Apple Pencil ya USB-C haipimi nguvu ya mkono. Kwa notsi haina shida, kwa mchoraji ni habari nyingine.
- Kalamu za kampuni nyingine zinazofanana na Apple Pencil nyingi zinahitaji iPad ya mwaka 2018 au ya baadaye.
- S Pen haiandiki kwenye simu za Galaxy A. Galaxy S21 Ultra ya mwaka 2021 inaikubali lakini haina sehemu ya kuihifadhi. Kuanzia S22 Ultra ya 2022, kalamu inakaa ndani ya simu. Kishikwambi cha Galaxy Tab S6 Lite huja na kalamu yake kwenye boksi.
- Simu nyingi za Tecno, Infinix na Redmi ambazo wanafunzi wanazo hazina sehemu ya kupokea kalamu za aina ya tatu. Kwa simu hizo, kalamu yoyote utakayouziwa ni aina ya kwanza au ya pili.

Hilo la mwisho ndilo linalowahusu wengi. Kama simu yako ni ya kawaida ya Android, hakuna kalamu ya gharama itakayoigeuza kuwa Galaxy Note. Usilipe bei ya aina ya tatu kwa kazi ya aina ya pili.

Je, inasaidia kuelewa somo?

Hapa watafiti wamebishana kwa zaidi ya miaka 10.

Mwaka 2014 Pam Mueller wa Chuo Kikuu cha Princeton na Daniel Oppenheimer wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti uliosomwa sana. Wanafunzi waliangalia mihadhara, wengine wakiandika kwa mkono na wengine kwa kompyuta mpakato. Waliotumia kompyuta waliandika maneno mengi zaidi na walikuwa wakinakili kauli za mzungumzaji neno kwa neno. Kwenye maswali ya kuelewa dhana, walioandika kwa mkono walifanya vizuri zaidi. Hata waliopewa onyo wasinakili neno kwa neno, waliendelea kunakili.

Sababu inaeleweka. Mkono hauwezi kukimbizana na mdomo wa mhadhiri. Kwa kuwa huwezi kuandika kila kitu, unalazimika kuchagua, kufupisha na kutumia maneno yako. Kazi hiyo ya kuchagua ndiyo kujifunza kwenyewe.

Lakini mwaka 2021 timu iliyoongozwa na Heather Urry wa Chuo Kikuu cha Tufts ilirudia jaribio hilo. Matokeo ya kunakili yalijirudia: wa kompyuta waliandika zaidi na walinakili zaidi. Ila kwenye alama za maswali, tofauti kati ya makundi mawili haikuonekana wazi.

Mwaka 2024 ukaja utafiti wa Norway unaogusa kalamu yenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Norway (NTNU), akiwemo Audrey van der Meer, waliwavisha wanafunzi 36 kofia yenye vihisi 256 vya kupima umeme wa ubongo. Wanafunzi waliandika maneno kwa kalamu ya kidijitali kwenye skrini, kisha wakayachapa kwenye kibodi kwa kidole kimoja. Walipoandika kwa kalamu, sehemu mbalimbali za ubongo ziliwasiliana kwa upana zaidi kuliko walipochapa.

Hiyo ni habari njema kwa wapenzi wa kalamu za kidijitali: ubongo unafaidika na mwendo wa mkono hata kama hakuna karatasi. Lakini isomwe kwa tahadhari. Utafiti huo ulipima umeme wa ubongo, haukupima kama wanafunzi walikumbuka zaidi wala kama walifaulu mtihani. Na kuchapa kwa kidole kimoja siyo namna watu wengi wanavyochapa.

Ukiunganisha tafiti hizo tatu, jibu ni hili: kinachosaidia ni kuandika kwa mkono huku ukichuja. Kalamu ya kidijitali inaweza kukupa hilo. Kaunta buku na kalamu ya dukani vinaweza kukupa hilo pia.

Masomo yanayofaidika zaidi

Kalamu ya kidijitali inaanza kulipa pale ambapo kibodi inashindwa.

Kwa mwanafunzi wa uhasibu, jaribu kuchora akaunti ya T kwa vidole kwenye simu wakati mhadhiri ameshahamia mfano wa pili. Kwa kalamu ni mistari miwili tu, debiti kushoto, krediti kulia. Kwa mwanafunzi wa uhandisi, saketi ya umeme au mchoro wa boriti hauchapiki. Kwa wanaosoma afya pale Muhimbili, Upanga, mchoro wa moyo wenye mishale na majina ni kazi ya kalamu tangu zamani. Takwimu, hesabu na kemia ziko kundi hilohilo.

Faida ya pili ni madesa. Mihadhara mingi sasa inakuja kama PDF au slaidi kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Mwenye kishikwambi na kalamu anafungua slaidi ileile iliyopo ukutani na kuandika juu yake: hapa ticha amesisitiza, hapa kuna mfano, hili swali lilitoka mwaka jana. Hanakili slaidi nzima, anaongeza kile ambacho slaidi haina. Pia hachapishi. Kama unatumia hela nyingi kwenye steshenari kila wiki, piga hesabu ya kurasa unazochapisha kwa muhula mzima, zidisha kwa bei ya ukurasa, halafu linganisha na bei ya kalamu. Kwa wengine hesabu hiyo inalipa, kwa wengine hailipi.

Faida ya tatu ni kutafuta. Programu kama OneNote na Samsung Notes zinaweza kusoma mwandiko wako na kukutafutia neno ulilolisahau. Lakini hapa kuna jambo la kwetu. Mihadhara mingi ni ya Kiingereza, maelezo ya pembeni ni ya Kiswahili, na notsi za mwanafunzi zinachanganya zote mbili kwenye mstari mmoja. Programu iliyowekwa lugha moja inaweza kuligeuza neno la Kiswahili kuwa kitu cha ajabu. Jaribu kwanza kabla hujaiamini na notsi za muhula.

Kwa masomo ya maelezo tu, kama historia, sheria au uongozi, faida ya kalamu ya kidijitali juu ya daftari ni ndogo. Na kwenye skrini ya simu ya inchi sita na nusu, kuandika aya ndefu kunachosha kwa kalamu yoyote. Skrini ikiwa ndogo unakuza ukurasa, unaandika maneno manne, unasogeza, unaandika manne mengine. Mhadhiri hakusubiri.

Ukitaka kurekodi, omba

Kalamu zinazorekodi sauti ni msaada mkubwa kwa wanafunzi wanaoandika polepole, wenye usikivu hafifu au wenye changamoto ya kusoma na kuandika. Mwanafunzi anaandika neno moja la alama, sauti inabeba yaliyobaki.

Ila sauti ya mhadhiri ni yake, na sauti ya mwenzako anayeuliza swali ni yake pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inayosimamia ukusanyaji na matumizi ya taarifa zinazomtambulisha mtu. Nje ya sheria kuna heshima ya kawaida. Mwendee mhadhiri kabla ya pindi, mwambie: “Samahani mwalimu, naomba kurekodi kwa ajili ya kujisomea mwenyewe.” Akikubali, usiitupie kwenye kundi. Akikataa, zima.

Fikiria na uzito wa faili. Sauti ya ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde inachukua karibu MB moja kwa dakika. Pindi la saa mbili ni kama MB 115. Ukirekodi mapindi kumi kwa wiki, umeshapita GB moja. Ukiipandisha mtandaoni kwa bando lako la wiki, utajuta. Subiri Wi-Fi ya chuo.

Gharama ambazo muuzaji hasemi

Bei ya kalamu ni mwanzo tu.

Ncha inalika, hasa ukiwa na protekta ile yenye uso mkavu kama karatasi. Uliza kama ncha za akiba zinapatikana, kwa sababu kalamu nzuri yenye ncha iliyokwisha ni mapambo.

Kalamu nyingi zinahitaji chaji, na kifaa chenyewe kinahitaji chaji. Umeme ukikatika usiku na una pindi saa mbili asubuhi, daftari la mwenzako ndilo litakuwa na notsi.

Notsi zinahitaji nakala. Akaunti ya bure ya Google inatoa GB 15, lakini zinagawanywa kati ya barua pepe, mafaili na picha. Notsi za mwandiko ni nyepesi, ila picha za ubao ni nzito. Kama hujaweka nakala mtandaoni na kifaa kikaibwa, muhula wote umeondoka nacho. Daftari halivutii kibaka kwenye msongamano wa mwendokasi, kishikwambi kinavutia.

Mlango wa mtihani

Hapa hakuna mjadala. Mtihani unafanywa kwa karatasi na kalamu ya wino. Kwenye mitihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) mtahiniwa haruhusiwi kuwa na simu, na wanaokutwa wakidanganya hufutiwa matokeo. Vyuo navyo vina kanuni zao, na adhabu inaweza kufika kufukuzwa chuo.

Jihadhari na kalamu zinazouzwa zikiwa na kamera au kinasa sauti kilichofichwa ndani. Hata kama uliinunua kwa nia njema ya kurekodi mihadhara, ukiingia nayo kwenye UE hakuna msimamizi atakayeamini. Siku ya mtihani iache nyumbani.

Kuna na suala la mkono wenyewe. Mtihani wa saa tatu ni kazi ya misuli. Aliyeandika kwenye kioo kinachoteleza muhula mzima anaweza kukuta vidole vinakaza baada ya kurasa chache za karatasi. Wiki chache kabla ya mtihani, fanya maswali ya miaka iliyopita kwa kalamu ya wino na saa mezani.

Jaribio la dakika tano dukani

Ukifika Kariakoo, fanya haya kabla hela haijatoka:

1. Nenda na kifaa chako. Kalamu kuandika kwenye simu ya muuzaji hakukuhusu.
2. Acha protekta yako mahali pake. Kioo kinene cha ziada kinaweza kupunguza uwezo wa kalamu kusomeka.
3. Fungua programu utakayotumia darasani, laza kiganja kwenye skrini na uandike mistari mitano. Kiganja kikichora, kalamu hiyo siyo ya notsi.
4. Weka rula mshazari na uchore mstari polepole. Kalamu hafifu inatoa mstari wenye mawimbi kama nyoka.
5. Andika haraka kama vile ticha anakimbiza slaidi. Kama wino unachelewa nyuma ya ncha au herufi zinaruka, irudishe.
6. Andika sentensi moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza, kisha tafuta neno moja kutoka kila sentensi.
7. Uliza ncha za akiba, chaja yake na muda wa waranti. Dai risiti ya EFD.

Kama winga ndiye aliyekupeleka, malizana na mwenye fremu mwenyewe. Kalamu ikigoma kesho, winga utamtafuta wapi? Mwenye fremu utamkuta palepale. Na muuzaji anayekataa usijaribu kalamu kwenye kifaa chako, muage kwa heshima. Mtaa una maduka mengi.

Kama kalamu siyo ya kwako, kwa sasa

Usijione umeachwa nyuma. Kuna njia inayokupa sehemu kubwa ya faida kwa bei ya daftari.

Andika kwenye kaunta buku kwa mkono. Acha nafasi pembeni ya ukurasa kwa maswali. Jioni ileile, fungua Google Drive kwenye simu ya Android au programu ya Notes kwenye iPhone, tumia sehemu ya kuskani na uzihifadhi kurasa kama PDF. Zipe jina la somo na tarehe. Tayari una nakala mtandaoni, unaweza kumtumia mwenzako aliyekosa pindi, na daftari likilowa mvua ya Jangwani hujapoteza kitu.

Kwa mwenye kifaa kinachokubali kalamu ya aina ya tatu, uamuzi ni rahisi zaidi: kama kalamu ilikuja kwenye boksi, anza kuitumia leo. Kama haikuja, azima ya rafiki kwa wiki moja, andika nayo mapindi yako yote, halafu uone kama umeirudia notsi hata mara moja. Wengi huandika vizuri na kwa rangi nzuri, kisha hawafungui tena hadi usiku wa kuamkia mtihani.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna kalamu inayoifanya. Notsi za leo zipitie leo, dakika 15 zinatosha, funga daftari au skrini na ujaribu kueleza somo kwa maneno yako bila kuchungulia. Ukikwama, ndipo pa kurudia kesho kabla ya pindi.